Barua kwa Mjomba: Pikapu ya Ruiru na Oili ya Giaboksi

Ruiru, Kaunti ya Kiambu

Mjomba,

  Baridi ya alfajiri huku inatukumbusha kwamba tuko mbali na bahari.

Pikapu uliyonituma niikague nimeiona. Nimeiendesha kutoka Ruiru hadi Thika, nimeipitisha kwenye vumbi la machimbo ya mawe, nimeipandisha upande wa Gatundu ikiwa na mzigo, kisha nimeirudisha kwa mwenyewe. Bodi ni nzima, injini inaitika, na habari ya bei mtazungumza wenyewe. Lakini swali ulilolirudia kwenye simu lilikuwa la giaboksi. Wewe umezoea gia za mkono tangu siku za ile Peugeot 504, na hii Hilux ni otomatiki, ukataka kujua oili yake hubadilishwa lini.

Nakupa jibu kabla ya hadithi. Oili ibadilishwe sasa, kabla gari halijateremka pwani. Baada ya hapo ibadilishwe kila kilomita 40,000 maadamu pikapu itakuwa ikibeba nazi, mchanga na mahindi kwenye vilima vya huko kwenu Kaloleni. Ikigeuka kuwa gari la kwenda Mombasa na kurudi bila mzigo, unaweza kusogeza hadi 80,000. Nitakueleza nilivyofikia hapo, kwa sababu utakutana na watu watakaokuambia mengine, na wote watasema kwa uhakika.

Mimi nimekutana na watatu katika safari hii. Muuzaji aliniambia oili ya giaboksi hii ni ya maisha, haibadilishwi. Dereva wake akasema wao husubiri mpaka gia zianze kugonga. Na kijana mmoja wa gereji akanionya kwamba oili ya zamani isiguswe kabisa, maana ukiitoa giaboksi hufa. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na kila mmoja, ukimfuata mpaka mwisho, atakugharimu giaboksi nzima.

Nianze na Ruiru. Zamani mtu akitaja Ruiru, mawazo yalikwenda kwenye kahawa. Ile aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa sababu inastahimili magonjwa, ilipata jina lake hapa kwenye kituo cha utafiti. Leo ukipita utaona mashamba ya kahawa yakipakana na maghorofa, na penye mibuni jana leo pana msingi wa nyumba. Ujenzi huo ndio unaozipa kazi pikapu za hapa. Zinabeba mawe, saruji, mabati, nondo na matangi ya maji. Nyingine zinashusha maziwa kutoka upande wa Githunguri, au zinapeleka mabingobingo ya ng'ombe. Ni nadra kuona pikapu ya Ruiru ikitembea na sehemu ya nyuma tupu.

Kwa hiyo muuzaji aliponiambia kwamba hii yake imefanya kazi ya barabarani tu, nilitabasamu kwa heshima nikaanza kuizunguka. Mita ilisoma kilomita 118,000 na ushee. Sakafu ya nyuma ilikuwa imechubuka hadi kwenye chuma, springi za nyuma zimeongezwa jani moja kila upande, na ndoano ya kuvutia trela ilikuwa imelika hadi inang'aa. Chini ya chasisi, vumbi jeupe la mawe lilikuwa limegandamana na udongo mweusi, ule udongo wa upande wa Juja ambao mvua ikinyesha hushika gurudumu kama lami. Mjomba, gari lina ushahidi wake. Hii ni pikapu ya machimbo, hata ikiwa imeoshwa vizuri.

Nikaulizia daftari la huduma. Liko, lakini kurasa zake zinaonyesha oili ya injini na filta za hewa peke yake. Giaboksi haikutajwa hata mara moja. Usimlaumu mtu kwa hilo. Wenye magari wengi hapa hufuata oili ya injini kwa bidii sana, na giaboksi huisahau kwa sababu haipigi kelele. Ila maana yake ni kwamba hatujui oili iliyomo ndani ina umri gani. Na gari ambalo historia yake huijui, hesabu huanza siku unayolishika wewe.

Sasa tupande barabara kuu. Kutoka Ruiru tuliingia ile Thika Superhighway ambayo Rais Mwai Kibaki aliifungua Novemba 2012, kilomita zipatazo 50 kutoka Nairobi hadi Thika. Fundi ninayemfahamu alikuwa amenikopesha kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, kinachosoma kompyuta ya gari na kuonyesha joto la oili ya giaboksi kwenye simu. Nilikiomba makusudi. Nilitaka kuona giaboksi inavyopata joto, maana hapo ndipo siri yote ilipo.

Giaboksi ya otomatiki haina klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na giaboksi kuna ngoma ya chuma iliyojaa oili, mafundi huiita konvata. Upande mmoja wa ngoma unazungushwa na injini na kuirusha oili, na oili hiyo ndiyo inayousukuma upande wa pili. Kwa hiyo oili hapo haifanyi kazi ya kulainisha peke yake. Ndiyo inayobeba nguvu ya injini kwenda kwenye magurudumu, ndiyo inayosukuma vali za kubadilisha gia, ndiyo inayoamua sahani za klachi zilizomo ndani zishikane kwa ukali au kwa upole, na ndiyo inayochukua joto na kulipeleka kwenye kipoza. Oili moja, kazi tano ukihesabu na kulainisha. Ikichoka, zote tano huharibika pamoja.

Ukiwa kwenye mwendo wa 80 barabara ikiwa tambarare, konvata hujifunga, pande zote mbili zikazunguka kama kitu kimoja. Hapo oili haisuguliwi sana. Kutoka Ruiru kupita Juja, joto lilitulia katikati ya nyuzi 80 na 90, halitikisiki. Gari linalokula kilomita zake zote namna hii, oili yake hudumu muda mrefu sana, na hapo ndipo muuzaji alipopata kile kipande chake cha ukweli.

Kisha tukaacha lami. Dereva wa muuzaji, aliyekuwa kando yangu, alikuwa na mawe ya kupeleka juu kuelekea Gatundu, hivyo tukaingia machimbo ya Ndarugu kupakia. Haya mawe ya kukatwa kwa mashine yamejenga nusu ya nyumba unazoziona kati ya hapa na Nairobi. Njia ya kuingilia ni mashimo na vumbi, malori yanapishana kwa inchi, na unatembea mwendo wa mtu anayekwenda kwa miguu. Konvata haiwezi kujifunga katika mwendo huo. Injini inasukuma, magurudumu yanasita, na tofauti yote kati yao inageuka kuwa joto ndani ya oili. Tulipotoka na mzigo na kuanza kupanda, namba kwenye simu ilivuka 100 na ikaendelea kupanda, ilhali ile sindano ya joto la injini pale mbele ya dereva haikusogea hata kidogo. Mtu asiye na kifaa hangejua lolote.

Mafundi wa otomatiki wana kanuni ya kukadiria: joto la oili likishapita nyuzi 80, kila linapopanda nyuzi 11 hivi zaidi, maisha ya oili hukatika nusu. Fikiria mafuta ya kukaangia mandazi. Yakitumika kwa moto wa wastani hukaa siku kadhaa, lakini moto ukizidi huwa meusi na kunuka jioni ileile. Ya giaboksi nayo huungua hivyo, viungo vyake vya kulinda chuma hufa, na masizi yake huanza kuziba vijia vyembamba vya vali.

Ndiyo sababu nakwambia mita ya kilomita haitoshi. Mita huhesabu umbali, haihesabu joto. Kilomita kumi za kutambaa kwenye machimbo zinaichosha oili kuliko safari ndefu ya Superhighway, na kwenye mita zinaandikwa kumi tu. Pikapu mbili zikiwa zimeegeshwa pamoja, zote zinasoma 118,000, moja inaweza kuwa na oili ambayo bado inafaa na nyingine ikawa imebeba sumu.

Sasa kuhusu hiyo habari ya oili ya maisha. Kitabu cha gari ukikisoma kwa makini utakuta ratiba mbili. Moja ni ya matumizi ya kawaida, ambapo giaboksi hukaguliwa tu. Nyingine ni ya kazi nzito: kubeba mizigo, kuvuta trela, barabara za vumbi, safari fupi za kusimamasimama. Katika hiyo ya pili oili ina kilomita zake za kubadilishwa, na kwa magari mengi ya kazi utakuta kati ya 40,000 na 80,000. Watu husoma ratiba ya kwanza na kuifunga, ilhali nchi yetu karibu yote iko kwenye ratiba ya pili. Mimi nimechukua 80,000 kwa matumizi mepesi, nikaikata nusu kwa sababu ya mzigo, vilima na joto la pwani. Ndiyo hiyo 40,000 niliyokupa.

Tulishusha mawe, tukateremka hadi Thika. Mjomba, mji huu ungeupenda. Pale Blue Posts, hoteli iliyopo tangu 1908, unasikia maporomoko ya Chania ukiwa umeketi na chai yako. Ukitazama upande mwingine, mananasi ya Del Monte yametandazwa mpaka macho yanachoka. Na ni mji wa magari kwa asili. Hapa ndipo ilipoanzishwa Leyland Kenya mwaka 1974 ya kuunganisha malori na mabasi, ambayo baadaye ikawa Kenya Vehicle Manufacturers, na mwishoni mwa 2016 ikaanza kuunganisha Volkswagen Polo Vivo. Wazee wengi wa gereji za hapa walikulia kwenye malori ya gia za mkono, na ukiwauliza kuhusu gia za mkono watakufundisha mpaka jioni.

Niliwauliza, kwa ajili ya ile Peugeot yako ya zamani pia. Kwenye gia za mkono oili haibebi nguvu wala haishiki klachi. Inalainisha meno na kupoza. Kwa hiyo huchoka polepole zaidi, na unga wa chuma ndio adui wake mkubwa. Ila angalia aina. Ndani kuna ringi za shaba zinazosaidia gia kuingia bila kukwaruza, na oili nzito ya difu, ile ya alama ya GL-5, inaweza kuila shaba hiyo. Giaboksi nyingi za mkono zinataka GL-4, na kuna Isuzu ambazo kitabu chake kinataka oili ya injini kabisa. Mtu akikutia oili ya difu kwenye giaboksi kwa kuwa zote ni nzito na zote zinanuka, mwambie alete kitabu kwanza.

Turudi kwenye Hilux. Gereji niliyoiendea iko upande wa Makongeni, na fundi wake anashughulika na otomatiki peke yake. Kwanza alinionyesha pikapu nyingine ya zamani kidogo yenye kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Gari liwe pahali tambarare, injini iwe imepata moto na inaendelea kuunguruma, gia zipitishwe zote polepole kisha zirudi kwenye P, ndipo kijiti kitolewe, kipanguswe, kirudishwe na kutolewa tena. Ukipima injini ikiwa imezimwa utadanganyika, kwa kuwa oili ya konvata hurudi chini ikaonekana imejaa.

Akadondosha tone kwenye karatasi nyeupe ya kupangusia. Oili nzuri ni nyekundu, hutambaa kwenye karatasi na kuacha doa pana linalopenyeza mwanga. Ikielekea kahawia, imezeeka lakini bado haijaua kitu. Huo ndio wakati mzuri wa kuibadilisha. Ikiwa nyeusi, ikabaki katikati ya doa kama tope, na ikanuka kitu kilichoungua, sahani za klachi zimeanza kuliwa. Na ikiwa na rangi ya waridi yenye povu, kama maziwa, usiendeshe tena gari hilo: maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi kupitia kipoza, na maji huzibandua sahani zile kwa muda mfupi.

Hii ya kwetu haina kijiti. Toyota wameifunga, na hapo ndipo watu wengi wanapopata wazo kwamba haibadilishwi. Kukosa kijiti maana yake ni kwamba kupima kwake kunahitaji fundi, basi. Fundi alilinyanyua gari likiwa limelala sawa pande zote, akafungua nati ndogo ya kupimia, akapokea oili kidogo kwenye glasi safi. Tuliipeleka juani. Ilikuwa kahawia iliyoiva, wekundu wake umebaki kwa mbali sana, harufu yake imechoka lakini haijaungua. Kwenye karatasi ilitambaa, ikaacha duara jembamba jeusi pembezoni. Fundi akasema hii imekawia lakini haijachelewa. Barabarani nami niliona vivyo hivyo, maana gia zilikuwa zinaingia bila kugonga, hazitelezi, wala gari halisiti ukiweka D au R.

Hapo nikamuuliza kuhusu yale maneno ya yule kijana, kwamba ukibadilisha oili ya zamani giaboksi hufa. Alinijibu kwa utaratibu, na nimeuona ukweli wake. Giaboksi ambayo tayari sahani zake zimeliwa, oili yake hujaa unga wa sahani hizohizo, na unga huo husaidia kidogo sahani zishikane. Ukiitoa yote kwa mpigo na kutia oili mpya yenye kuteleza, ugonjwa uliokuwa umejificha hujitokeza. Tena wengine huisafisha kwa mashine ya kusukuma kwa nguvu, na uchafu uliokuwa umelala hubanduka ukaenda kuziba vali. Watu huona gari limekufa baada ya oili mpya, wakailaumu oili. Kumbe lilikuwa linakufa tangu hapo. Somo lake, Mjomba, ni kubadilisha mapema, wakati giaboksi bado nzima, na kubadilisha kwa upole. Na anayengoja mpaka gia zigonge, kama yule dereva, anangoja mpaka oili isiwe tena ndiyo tiba.

Upole wenyewe uko hivi. Ukifungua nati ya chini, oili yote haitoki. Giaboksi ya aina hii hubeba takriban lita 10, na ukimwaga hupata thuluthi moja hivi. Iliyobaki iko kwenye konvata na kwenye mabomba ya kipoza. Basi unamwaga, unajaza kiasi kilekile, unaendesha siku chache, unarudia. Ukifanya mara tatu, oili mpya huwa imefika kama asilimia 70 ya yote, na giaboksi haikushtushwa. Mara ya kwanza fundi ashushe sufuria ya chini kabisa, abadilishe filta na gasketi, na atazame zile sumaku zilizomo. Ukikuta tope laini la kijivu juu ya sumaku, hiyo ni kawaida ya kusuguana. Ukikuta vipande vinavyong'aa na vyenye ncha, acha kila kitu unipigie, maana hapo tunanunua tatizo na hata bei lazima izungumzwe upya.

Aina ya oili usikubali kubishana nayo. Hilux hii inataka Toyota WS, au oili ambayo imeandikwa wazi kwenye kopo kwamba inakidhi WS. Ni nyepesi, na ile ya zamani ya T-IV si badala yake hata kama zote ni nyekundu. Nissan wana Matic yao, Mitsubishi wana yao, na za giaboksi za mkanda ni jamii nyingine kabisa. Kopo lifunguliwe mbele yako, lakiri ikiwa nzima, kwa sababu oili bandia zipo sokoni na hutazijua kwa rangi.

Kisha kiwango. Kwa kuwa hakuna kijiti, oili hujazwa zaidi kidogo, injini ikawashwa, na fundi akasubiri oili ifikie joto lililoandikwa kwenye kitabu, akilisoma kwa kile kifaa. Hapo hufungua nati ya kupimia. Iliyozidi hutiririka, na ikianza kudondoka tonetone, kiwango kimetimia. Anayejaza giaboksi hii kwa kukisia anaiumiza. Ikipungua, pampu hunyonya hewa na gia huteleza. Ikizidi, hupigwa povu na joto hupanda.

Ukiwa chini ya gari, usisahau ndugu zake wengine. Kuna difu ya mbele, difu ya nyuma na ile giaboksi ndogo inayogawa nguvu kwa magurudumu manne. Kila moja ina oili yake. Pikapu hii imetembea kwenye udongo mweusi na madimbwi. Chuma kilichopata moto kikitumbukia kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani hujikunyata, na maji hunyonywa kupitia kipumulio. Kwa hiyo zote nne zifunguliwe siku moja, na wewe huko kwetu ukivuka korongo lililojaa wakati wa masika, oili za difu zikaguliwe hata kama kilomita zake hazijafika.

Nikuombe jambo moja lililo karibu na moyo wangu. Oili ya zamani isimwagwe mtaroni. Mto Chania na mto Thika huungana pale Thika ikaelekea Tana, na maji ya Ruiru huenda Athi, ambao ndio huohuo Sabaki unaoingia baharini karibu na Malindi. Kinachomwagwa huku kinateremka kwenu. Fundi wa Makongeni huikusanya kwenye pipa na kuitoa kwa wanaoichukua kuichakata, na hilo lilinifanya nimwamini hata katika yale mengine.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ni yako na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tarehe, kilomita, aina ya oili na lita zilizoingia. Halafu andika na kazi ya gari: mwezi huu limevuta trela, mwezi ule limekwama kwenye tope na kupigwa gesi saa nzima. Miezi ya namna hiyo ikizidi, usingoje 40,000; lete karatasi nyeupe na glasi, tazama rangi, nusa. Na iwapo gia itaanza kusita, kuteleza au kugonga, siku hiyohiyo liegeshwe. Oili, filta na kazi ya fundi ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kufungua giaboksi, achilia mbali kutafuta nyingine.

Safari ya kuja huko si ya mchezo pia. Tutapita Eastern Bypass kutoka hapa Kamakis hadi Mombasa Road, kisha Emali, Mtito Andei, Voi, mpaka Mariakani, na kadiri tunavyoteremka ndivyo joto la nje linavyopanda. Sitaki gari lifike kwako likiwa limepoteza nusu ya uhai wake njiani kwa oili ya mtu mwingine.

Ushauri wangu basi ni huu. Bei mkikubaliana, mwombe muuzaji akupunguzie gharama ya oili na filta, kwa kuwa daftari lake halionyeshi huduma hiyo na anajua. Mara ya kwanza ya kumwaga ifanyike kule Thika, sufuria ishushwe nikiwepo nione sumaku kwa macho yangu. Ya pili tufanye kulekule kabla ya kuondoka, na ya tatu utaifanya huko Mariakani gari likishakuzoea. Kilomita za kuhesabia 40,000 zianzie kwenye hiyo ya tatu.

Fundi anahitaji siku mbili za kuagiza filta na gasketi, kwa hiyo nipigie ukishazungumza na muuzaji, nami nitampa neno. Msalimie mkaza mjomba na watoto wote.

Mpwa wako.